Kabla ya kumlaumu mwanafunzi mlevi, tuulize fremu ni ya nani



Ndugu msomaji, tumezoea kusoma makala na kusikiliza hotuba zinazowalaumu vijana. Vijana hawasikii, vijana wameharibika, vijana wa siku hizi hawana haya. Mimi mwenyewe nimepanda mimbari si mara moja nikayasema hayo kwa sauti ya juu, na waumini wakatikisa vichwa kukubali. Leo naomba niseme jambo jingine juu ya ulevi wa wanafunzi wetu wa sekondari, na itanibidi nianze kwa kujitaja mwenyewe, ingawa si jambo la kufurahisha.

Mwaka 2016 alikuwapo kijana mmoja mtaani kwetu, huku Temeke, akisoma kidato cha nne katika shule ya kutwa. Jina lake nalihifadhi, lakini ameniruhusu kuyaandika haya. Mimi ndiye niliyemwanzisha alifu kwa kijiti katika madrasa yangu ya barazani akiwa na miaka 6, na alipofika miaka 11 alikuwa amekwishakhitimu Msahafu. Alikuwa mwepesi wa akili kiasi kwamba wenzake wakikosea tajwid, yeye alikuwa ameshawasahihisha kabla mimi sijafungua mdomo. Shuleni somo lake lilikuwa hisabati.

Mwezi Aprili mwaka ule mama yake alinijia baada ya sala ya Isha akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na ripoti tatu za shule. Hisabati, kidato cha pili: 78. Kidato cha tatu, muhula wa kwanza: 51. Mwisho wa kidato cha tatu: 24. Chini kabisa mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwamba mwanafunzi ana uwezo ila anasinzia darasani na ana utoro wa Jumatatu. Nimeikumbuka sana baadaye sentensi ile. Utoro wa Jumatatu. Niliisoma mara mbili na sikuona kitu.

"Ustadhi," mama akaniambia, "mwanangu wamemchezea. Mtoto hawezi kushuka hivi bila mkono wa mtu."

Nami, Allah anisamehe, nilikubali. Nilikwenda nyumbani kwao usiku wa siku tatu mfululizo nikamfanyia kisomo: Fatiha, Ayatul Kursiy, Ikhlas, Falaq na Nas, na maji nikayasomea. Kijana alikaa mkekani kichwa chini, macho yamemlegea. Nilidhani ni khushui. Miaka miwili baadaye alinieleza kuwa usiku wa pili alikuwa akipigana na nafsi yake asitapike mbele yangu.

Ukweli ulijitokeza mwezi Oktoba, wiki ya mahafali yao. Usiku ule walimkuta nyuma ya ukuta wa shule, pembeni ya mtaro, amelala hajitambui, wakambeba kwa bodaboda hadi kwao. Asubuhi mama akaufungua mkoba wa madaftari. Akakuta pakiti tupu za viroba, akazihesabu, zikawa 9. Akaniita. Nilifika nikiwa na hasira ya mwalimu na hasira ya mzazi kwa pamoja, nikamuuliza kijana: "Umevitoa wapi?"

Akanyamaza. Nikamuuliza tena kwa ukali zaidi.

"Kwako, Ustadhi."

Nikadhani pombe haijamtoka, au kiburi kimemwingia. Nikainua mkono. Akasema taratibu, bila kuniangalia: "Kwenye ile fremu yako ya kona."

Mkono ukashuka wenyewe.

Ndugu zangu, nyumba yangu inatazama barabara, na ina fremu mbili. Moja ina fundi cherehani. Ya pili niliipangisha mwaka 2013 kwa kijana mmoja aliyeniambia atauza vocha, sabuni, mkate na soda. Baada ya miezi michache viroba vilianza kuning'inia juu ya kaunta, vimefungwa kwenye uzi pamoja na pakiti za shampuu. Je, nilikuwa sivioni? Nilikuwa nikiviona. Napita pale mara tano kwa siku kwenda msikitini na mara tano kurudi. Nilijiambia kwamba mpangaji si Muislamu, biashara ni yake, leseni ni yake na dhambi ni yake. Kodi ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, naye akilipa ya miezi sita kwa mpigo bila kusumbua. Fedha ile ndiyo niliyolipia ada ya binti yangu katika shule ya Kiislamu. Kwa maneno mengine, mtoto wangu alikuwa akifundishwa Maarifa ya Uislamu kwa fedha iliyotoka, kwa sehemu, mfukoni mwa mtoto wa jirani aliyekuwa akiisahau hisabati.

Siku ile nilirudi nyumbani nikafungua vitabu. Nilikuwa natafuta hadithi za kumtisha nazo kijana. Nikakutana na hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), ambayo nimeisomesha tangu ujana wangu, na safari hii ikanisomesha yeye Anas mimi.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim. Anas anaeleza kuwa alikuwa nyumbani kwa Abu Talha, mume wa mama yake, akiwahudumia wakubwa kinywaji cha tende kilichochachuliwa. Walikuwapo watu wazito kama Abu Ubayda bin al-Jarrah na Ubayy bin Ka'ab (r.a.). Anas anasema kuwa yeye ndiye aliyekuwa mdogo wao. Mara ikasikika sauti ya mpiga mbiu nje ikitangaza kwamba pombe imeharamishwa. Abu Talha akamwamuru Anas atoke akaimwage. Anas akaimwaga, na pombe ikatiririka katika njia za Madina.

Sasa tazama umri. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina, Anas alikuwa na miaka 10. Wanazuoni wametofautiana kuhusu mwaka hasa wa katazo la mwisho. Wapo wanaotaja mwaka wa 3 au wa 4 Hijria. Kwa hesabu hiyo Anas alikuwa na miaka 13 au 14. Kwa mpango wetu wa shule huyo ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili. Kijana wa umri huo alikuwa ameshika chombo cha pombe mkononi, na aliyekiweka chombo kile mkononi mwake ni wakubwa. Iliposhuka amri, hawakumwambia kijana, "Wewe acha, ni mbaya kwako, sisi tumalizie." Waliokuwa na mali ile ndio walioitoa imwagwe. Kijana alitii kwa sababu waliomzunguka walikuwa wamekwishatii.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote katika makala hii. Tunawataka watoto wetu wamwage chombo ambacho sisi wakubwa bado tunakula faida yake.

Ni Anas huyo huyo, kama alivyopokea Tirmidhi, anayesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi kwa ajili ya pombe. Nimewahi kuwauliza vijana wa darasa langu wawataje, wakaishia kwa mnywaji na muuzaji. Kumbe wamo anayeikamua na anayekamuliwa, anayeibeba na anayepelekewa, anayeimimina, anayeinunua na anayenunuliwa, na yumo anayekula thamani yake. Katika kumi hao mnywaji ni mmoja tu. Lakini hesabu hotuba zetu za Ijumaa: hotuba ngapi ni za yule mmoja, na ngapi ni za wale tisa?

Najua kuna atakayesema mwenye nyumba hakutajwa. Kweli, neno "mwenye fremu" halimo. Na ziko kauli za kifiqhi kuhusu kumpangisha asiyekuwa Muislamu, wanafunzi wa elimu wanazijua. Lakini Allah (s.w.) ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui (5:2), na mwenye nyumba anayeona viroba vikining'inia na watoto wenye sare wakiingia na kutoka, kisha akapokea kodi ya miezi sita, atatafuta kauli hiyo ya kifiqhi hadi lini? Mimi niliitafuta kwa miaka mitatu.

Tuje kwenye masomo, maana wapo wazazi wanaodhani kwamba kijana akinywa Jumamosi na Jumapili akalala, basi Jumatatu ameshakuwa mzima.

Kiroba kikubwa kilikuwa cha mililita 100. Pombe kali ya asilimia 35 katika ujazo huo ina mililita 35 za kilevi halisi, ambazo ni karibu gramu 28. Ini la binadamu huondoa kilevi taratibu, takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halina haraka hata ukinywa kahawa, ukioga maji ya baridi au ukila ndimu. Kwa hiyo kiroba kimoja huchukua saa tatu hadi nne kutoka mwilini, na viwili saa sita hadi nane. Mwanafunzi aliyekunywa viwili saa 5 usiku, kilevi kitamtoka kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi. Yaani muadhini wa Alfajiri anaadhini, na pombe bado imo katika damu yake. Kengele ya mstarini inakaribia kugongwa, na kwa baadhi yao bado imo. Kisha hapo ndipo unapoanza uchovu, kiu na maumivu ya kichwa. Kijana yule alikuwa anavijua vipeo na vipeuo, lakini hesabu hii nyepesi hakuna aliyemfanyia.

Kubwa kuliko uchovu ni kumbukumbu. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo ambayo madaktari huiita hipokampasi, na kazi yake moja kubwa ni kuyashika mambo mapya ili yabaki. Kilevi huivuruga sehemu hiyo. Ndiyo maana mlevi huamka asijue alirudije nyumbani. Hakusahau, bali jambo lenyewe halikuandikwa. Tena pombe, ijapokuwa humlaza mtu haraka, huuharibu usingizi wake, hasa ule usingizi wa ndoto, na ni usingizini ambamo ubongo hupanga na kuimarisha yale mtu aliyojifunza mchana. Mwanafunzi aliyesoma jioni kisha akanywa usiku ni kama aliyeandika kwa chaki ukutani halafu mvua ikanyesha. Na huyu si mtu mzima wa miaka 40. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na sehemu ya mbele, ile ya kupima mambo na kujizuia, ndiyo ya mwisho kukomaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kuwa walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kama mara nne zaidi wa kuwa watumwa wa pombe kuliko waliosubiri mpaka miaka 20 au zaidi.

Na ajabu ni kwamba lugha yenyewe ya Qur'an imetangulia kutueleza. Umar bin Khattab (r.a.) alipanda mimbari akaifafanua hamri kuwa ni kila kinachoifunika akili. Ni katika asili hiyo hiyo ya neno ndipo unapopata khimari, mtandio wa mwanamke unaofunika kichwa. Na aya ya 43 ya Suratun Nisaa, kabla katazo halijawa kamili, iliwakataza waumini wasiikaribie swala wakiwa wamelewa mpaka wayajue wanayoyasema. Kipimo kilichowekwa pale ni ujuzi: mpaka mjue. Mtu asiyejua asemalo hafai kusimama mbele ya Mola wake, na kwa kiasi kidogo zaidi hafai kukaa mbele ya karatasi ya mtihani. Maimamu waliokuja baadaye, kama Ghazali, walipotaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, akili waliihesabu pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali. Kwa mwanafunzi akili ndiyo mtaji wake wote, kwani mali hana, cheo hana na mke hana.

Yapo maneno ya vijiweni kwamba kidogo hakidhuru, eti kinaondoa woga na kumfanya mtu akeshe akisoma. Nimeyasikia kwa wanafunzi wa kike pia, na wengine huchanganya pombe kali na vinywaji vya kuongeza nguvu kwenye chupa ya maji, mwalimu asijue. Mtume (s.a.w.) amelimaliza suala la kidogo: chenye kulewesha kwa wingi wake, basi hata uchache wake ni haramu. Miaka kama 1,400 baadaye, mwezi Januari 2023, Shirika la Afya Duniani nalo likatamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Muislamu hakuwa na haja ya kusubiri tamko hilo, lakini mwambie kijana wako, kwa sababu wapo vijana wanaodhani kuwa masheikh tunakataza tu.

Sisemi kwamba kila mwanafunzi anayefeli ni mlevi. Darasa lisilo na mwalimu wa hisabati litafeli hata kama wanafunzi wote wanakunywa maziwa. Mtoto anayesafiri kwa daladala saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, huku makonda wakimkwepa, anachoka bila kuonja chochote. Ninachosema ni kuwa yule kijana alikuwa na mwalimu, alikuwa na vitabu, shule ilikuwa mwendo wa kutembea, na akili Allah alikuwa amempa. Kilichomwangusha kutoka 78 hadi 24 kiliuzwa kwa shilingi 500 chini ya dirisha langu.

Niruhusuni jambo moja kuhusu makhatibu wenzangu. Tunapenda kuitaja hadithi ya kwamba mnywaji wa pombe haikubaliwi swala yake siku 40, kisha tunashuka mimbarini. Kijana yule aliisikia hadithi hiyo, kutoka kwangu, akiwa kidato cha tatu. Unajua alifanya nini? Aliacha kuswali kabisa. Alipiga hesabu zake, na alikuwa hodari wa hesabu, akaona kwa kuwa hunywa kila wiki basi siku 40 hazitakwisha kamwe, ya nini kuamka Alfajiri? Hatukumweleza kuwa wanazuoni, akiwamo Imam Nawawi, wamefafanua kwamba anayekosa ni malipo, lakini faradhi ipo palepale na akiiacha anaongeza dhambi juu ya dhambi. Wala hatukumweleza kuwa katika hadithi hiyo hiyo umetajwa mlango wa toba, kwamba akitubu Allah humpokea. Tulimpa nusu ya hadithi, na hiyo nusu ikamtoa msikitini, mahali pekee ambapo huenda angekutana na mtu wa kumuuliza habari za Jumatatu zake.

Nilimwendea mpangaji siku ile ile. Nilimwambia aondoe vileo vyote au aondoke mwisho wa mkataba. Akanijibu kwa adabu, na jibu lake bado linanichoma: "Mzee, mbona siku zote ulikuwa unaona?" Sikuwa na la kusema. Akaondoka mwezi Desemba. Fremu ikakaa tupu miezi mitano. Binti yangu nikamhamishia shule ya serikali, na mama yake, yaani mke wangu, tulisuguana sana katika hilo. Siwezi kusema kuwa yaliisha vizuri.

Kijana alifanya mtihani wa Novemba 2016 akiwa ametoka kitandani. Matokeo yakaja, daraja la nne, hisabati F. Nilikuwa nimesimama pale walipoyasoma kwenye simu.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ikapiga marufuku viroba nchi nzima. Kenya walikuwa wametangulia mwaka 2004, na Uganda wakafuata mwaka 2019. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, kwa sababu kitu cha shilingi 500 kinachoingia kwenye mfuko wa shati la shule kilikuwa balaa. Lakini nadhani furaha ile ilitulaza. Pombe kali sasa imo kwenye chupa ndogo, na wanafunzi watatu wanachangia chupa moja. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia kileo mtoto, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Sare ya shule ni kitambulisho cha kutosha, mwuzaji hahitaji kuomba kingine. Ni wazazi wangapi wamewahi kwenda hata kwa mjumbe au mtendaji wa mtaa wakasema duka fulani linawauzia wanafunzi? Kwetu sisi tulisubiri mpaka mtoto akaokotwa mtaroni.

Kwa hiyo ninawaomba ndugu zangu wenye nyumba kwanza, kabla ya wazazi na kabla ya walimu. Chukueni mkataba wa fremu. Ongezeni sentensi moja kwamba mpangaji hataruhusiwa kuuza kileo cha aina yoyote. Yangu sasa imo, kipengele cha nne. Na kamati za misikiti zenye maduka ya wakfu, naomba mkayatembelee, msitosheke na daftari la kodi. Mzazi naye, ukiletewa ripoti iliyoshuka kwa kishindo, usikimbilie kwa mtu wa kisomo, hata kama mtu huyo ni mimi. Tazama siku za utoro. Kaa na mwanao, umuulize, na akikuambia ukweli usimpige. Ule mkono niliouinua mimi, lau ungeshuka juu ya kijana yule, asingenitajia ile fremu.

Mwaka jana nilitembea kwa miguu kutoka geti la shule ile mpaka msikitini kwetu nikihesabu. Sehemu zinazouza vileo, kuanzia grosari hadi baa, nilizipata 11. Nyumba 4 kati ya hizo ni za Waislamu, na wawili katika hao huswali nami safu ya kwanza. Nimewaendea watatu. Mmoja amekubali na amemwondoa mpangaji. Mwingine amesema nisimfundishe dini. Wa tatu, mzee wangu ninayemheshimu, alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, kisha akasema: "Nikimtoa huyu, kesho atahamia nyumba ya pili. Watoto watakunywa tu. Mimi nitakuwa nimepoteza kodi, na nyinyi hamtapata kitu."

Nilimpelekea swali hilo yule kijana. Alirudia mtihani mwaka 2018 kama mtahiniwa wa kujitegemea, hisabati akapata C, na leo ni fundi umeme mwenye mke na mtoto. Nikamuuliza: je, ile fremu yangu ilipofungwa, hukuenda kununua kwingine? Akasema alikwenda. Duka jingine lilikuwa mwendo wa dakika kumi. "Lakini Ustadhi," akaniambia, "dakika kumi ni nyingi. Siku nyingine nilikuwa nafika katikati ya njia, narudi."

Nimerudi kwa mzee na jibu hilo. Nikamsomea tena hadithi ya Anas, na ile sehemu anayoeleza kwamba wakubwa wale, baada ya habari ya mtu mmoja tu, hawakuuliza tena wala hawakuirudia pombe. Hawakutuma mtu kwanza akaangalie kama nyumba ya pili nayo imemwaga. Mzee hakunijibu. Mkataba wa mpangaji wake unaisha mwezi ujao, na inshaallah nitakwenda kwake tena baada ya Alasiri, Jumapili hii.